Masika ya Mwisho ya Mama wa Bucha

Machi 6

Jana Mama alianguka nyuma ya meza ya bucha, kisu mkononi. Hakukiachia. Nilisaidiana na wateja wawili kumweka kwenye kiti, na alipofumbua macho jambo la kwanza alilosema, akimwambia mteja wa mbele, ni, "Ulitaka kilo ngapi?"

Daktari anasema moyo umechoka. Kaka akauliza umechoka kiasi gani. Daktari akamtazama Mama, akatazama dirisha, akasema tumpe raha. Mama, ambaye sikio lake la kushoto halisikii kabisa na la kulia husikia linachotaka, akajibu, "Raha atanipa Mungu. Ninyi nipeni viatu vyangu."

Leo ni Ijumaa ya Kwaresima. Mama hafungui bucha siku kama hii hata dunia ipinduke, kwa hiyo nina nafasi. Nimeamua kuandika. Ana miaka themanini na saba. Alianza kwa kuuza vichwa na miguu ya ng'ombe kwenye beseni, akamaliza na duka lenye friji na vigae ukutani. Kila siku Misa ya alfajiri, kisha machinjioni, kisha hapa. Rozari yake hukaa mfuko wa aproni na imeshika damu kwenye mafundo hata ikioshwa haitakati. Tukimwachia Kaka kazi ya kumkumbuka, tutabaki na mafunzo matupu, maana Kaka ni mwalimu mkuu na mwenyekiti wa baraza la parokia, na hajui kusimulia jambo bila kuhubiri.

Mimi ni wa katikati. Sikuolewa. Mama huwaambia watu nimeolewa na mizani.

Machi 9

Mvua. Nyama imeletwa imelowa.

Machi 12

Mvua imewakusanya wateja ndani, na Mama, aliyekatazwa kusimama, akawasimulia kutoka kitini habari ya majambazi. Walikuwa watatu, na mapanga. Wa kwanza akaweka mkono mezani na kusema lete kila kitu. Mama akalishusha shoka la nyama mara moja tu. Wawili wakakimbia. Vidole viwili vya yule wa kwanza vikabaki mezani, naye Mama akavifunga kwenye karatasi kama nusu kilo, akamfunga mkono kwa aproni, akamwambia, "Wahi hospitali, na Jumamosi nenda ukaungame."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi Maini, rafiki yake wa ujanani, tunayemwita hivyo kwa sababu hajawahi kununua kitu kingine hapa, hakucheka. Alikuwa anamwangalia Mama tu.

Na sisi watoto tulikula mkanda, ule wa kunolea visu. Nimekua nikiamini kwamba hakuna aliyewahi kumpiga Mama akaondoka na mikono yake yote.

Machi 15

Paroko amemletea komunyo. Mama amemwambia amekonda, amempa mbavu.

Machi 19

Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa familia. Mama alitaka Misa, nikamchukulia teksi. Tuliporudi, mvua ikimwagika kama imetobolewa, tulimkuta mdogo wangu ameketi juu ya kreti mlangoni pa bucha, kitambaa kichwani, damu kuanzia kidevuni hadi kiunoni. Nilidhani meno. Alipoinua uso nikaona taya la chini limehamia upande, kama droo iliyofungwa vibaya. Alitaka kusema akatoa mate mekundu.

Mama akasema, "Amefanya tena." Hakuwa anauliza.

Naandika hili ili nisijifanye sikulijua. Shemeji, mume wake, ni fundi wa magari. Wana miaka kumi na moja ya ndoa na hawana mtoto. Mara ya kwanza mdogo wangu alikuja na jicho. Mara ya pili mbavu. Mara ya tatu alikuja anatembea amejikunja, hakusema ni nini. Kila mara Mama alimuuguza kwa mikono yake, akamlisha, akamwombea, na alipopona akamrudisha. Ile ya tatu alimsindikiza mwenyewe hadi getini, amemshika mkono kama mtoto anayepelekwa shule.

Nikamfuta damu. Mama akavuta kiti karibu yake, akamshika goti. "Pole, kitinda mimba wangu. Pole mama. Utapona. Ukishapona utarudi. Msalaba haubebwi siku moja."

Nikasema, "Mama, hata Yesu msalaba aliubeba mara moja."

Akanigeuzia sikio la kushoto.

Machi 20

Hospitali. Taya limevunjika mahali pawili. Wamelifunga kwa waya, la juu na la chini, hadi mwezi wa tano. Atakunywa tu, kwa mrija. Anaweza kusema kidogo kwa meno yaliyofumbwa, lakini hasemi.

Machi 25

Mchuzi wa mifupa asubuhi, mchuzi wa mifupa mchana. Mdogo wangu amepungua. Mvua haijakata.

Machi 29

Jumapili ya Matawi. Shemeji amekuja.

Nilitamani aje na sura ya shetani ili kazi iwe rahisi. Alikuja amenyoa, shati jeupe, amembebea Mama blanketi. Akapiga magoti sebuleni. "Mama, nimekosa. Hasira, Mama. Najuta." Machozi yalimtoka kweli, sikuona kitunguu mkononi. Kaka alikaa kwenye kiti cha Baba kama hakimu, akaongea juu ya uvumilivu wa pande zote mbili. Pande zote mbili! Upande mmoja ulikuwa nyuma ya pazia umefungwa waya.

Mama akasema, "Akipona, mkwe wangu, utakuja kumchukua. Lakini ukaungame."

"Nitaungama, Mama."

Akitoka akasikia friji ya bucha inagonga. Akavua shati, akalala chini, akaitengeneza nusu saa, hakutaka chochote. Friji sasa inanguruma kama paka aliyeshiba. Nilisimama juu yake nikiiangalia mikono ile inavyojua kukaza kitu bila kukivunja.

Aprili 4

Watu wananunua ya Pasaka. Foleni mpaka barabarani, maji yamefika kwenye kizingiti. Bibi Maini alingoja hadi wa mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mdogo wako atarudi kule?"

"Mama amesema."

Akafunga mkoba wake, akaufungua tena. "Sikio la mama yako mnajua liliumwa nini?"

"Homa ya utotoni."

"Homa." Akatema neno lile. "Homa yenyewe ndiyo ile mmeitundika ukutani imevaa tai."

Picha ya Baba. Baba katekista, ambaye nusu ya watu wa parokia hii wamefundishwa ubatizo naye. Alikufa nikiwa bado mdogo, mdogo wangu akiwa tumboni, na tangu hapo nyumbani kwetu anatajwa kwa sauti ya kanisani.

Bibi Maini alinieleza akiwa amesimama, maini yake yakidondoka kwenye karatasi. Kwamba kofi lile lilipasua kitu sikioni na usaha ulitoka wiki nzima. Kwamba asubuhi moja Mama alimgongea mlango ameshika jino lake mwenyewe kiganjani, akamuuliza kama linaweza kurudishwa. Kwamba aliwahi kufukuzwa uani kwa mpini wa jembe akiwa na mimba ya Kaka. "Na siku zote nilimwambia ondoka. Akasema ataondokaje, yeye ni mke wa katekista."

Nilimkatia maini mengine. Yale ya kwanza yalikuwa yametoboa karatasi.

Aprili 5

Pasaka. Baada ya Misa nilimuuliza.

Hakukana. Alikuwa anamenya chungwa, akaendelea. "Nani kakwambia? Yule mla maini."

"Kwa nini ulituficha?"

"Ningewapa nini? Mlikuwa na baba mnayempenda. Nikawaachia."

"Mama, wewe ulimkata jambazi vidole."

"Jambazi sikula naye kiapo mbele ya altare."

"Na ilikwishaje? Aliacha lini?"

Akatia kipande cha chungwa mdomoni, akakitafuna kwa upande wenye meno. "Alikufa. Ndivyo ilivyokwisha."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtikisa. Sikufanya hata moja. Niliondoka nikaosha gogo la kukatia nyama ambalo lilikuwa safi tayari.

Aprili 8

Mto umefurika. Machinjio yamefungwa. Hakuna nyama.

Aprili 12

Leo nitaandika polepole.

Mama aliamua kuanza novena, sala ya siku tisa, kwa Mtakatifu Ana, mdogo wangu apate mtoto. "Mtoto atamtuliza mume," alisema. Tukawa watatu chumbani kwake, mshumaa umewashwa, mvua ikipiga bati hata ilibidi nisome kwa kelele. Tulipofika kwenye ombi, Mama akasema kwa sauti, "Ee Mungu, mfungue tumbo binti yangu, umwondolee utasa."

Mdogo wangu akasema, "Usiombe hivyo, Mama."

Alisema kwa meno yaliyofumbwa, midomo tu ikicheza. Mama akageuza sikio zuri. "Unasemaje?"

"Mimi si tasa. Nilishika mimba. Mara mbili."

Nikaacha kusoma.

"Ya kwanza alinipiga nikiwa sijajua kama ninayo. Ya pili nilimwambia. Nilidhani akijua atanihurumia." Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo, akayafuta. "Aliipiga kwa buti za gereji. Nikaja hapa. Mkaniuguza tumbo, mkasema ni baridi."

Ile mara ya tatu. Alipokuja amejikunja.

Nilimwona Mama anarudi nyuma kichwani mwake, mwaka hadi mwaka, mpaka akafika getini pale, mkono kwa mkono. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo nilipokurudisha, ulikuwa bado unatoka damu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ulikubali kwenda?"

"Ulinishika mkono."

Mama akateremka kitandani. Nilidhani anataka choo. Akashika ukingo wa meza, magoti yakalia kama kuni kavu, akapiga magoti mbele ya mdogo wangu, kichwa kikagusa mapaja yake. Hakusema sala. Alisema, "Nisamehe. Nilikupeleka mwenyewe machinjioni." Mdogo wangu alilia bila kufungua mdomo, na kilio cha namna ile, kinachopita puani, sijapata kukisikia kwa mtu, nimekisikia kwa wanyama.

Mama hakuweza kuinuka tena. Tulimnyanyua wawili, kila mmoja kwapa moja. Mwepesi hivyo! Mwanamke aliyekuwa akibeba paja zima la ng'ombe begani.

Aprili 13

Kaka ameitwa. Mama akamwambia: harudi.

Kaka alivua miwani. "Mama, ndoa ni sakramenti. Wewe ndiye uliyetufundisha. Leo tumwambie nini Paroko? Watu wataongea."

"Wataongea. Wana midomo, haijafungwa waya."

"Na mimi nikiwa mwenyekiti wa baraza..."

Kofi lilitua kabla hajamaliza. Mwalimu mkuu, miaka hamsini na nane, wajukuu wawili. Miwani ikaruka ikaingia chini ya kochi. Nikacheka, Mungu anisamehe, ilinitoka tu.

Mama akautazama mkono wake kama si wake. "Ona," akasema. "Na mimi ni walewale." Kisha, "Niliwafundisha kuvumilia kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho. Mtu hugawa alichonacho. Chukua miwani yako, baba, uende kumwambia mkwe asije hapa."

Kaka alikwenda. Nadhani alimwambia kwa maneno laini mno.

Aprili 15

Machinjio yamefunguliwa. Mama ameniomba nimsogeze kiti bucha. Anakaa mlangoni mwa chumba cha nyuma, anasali, anakosoa ninavyokata.

Aprili 18

Bega la kulia halinyanyuki. Naandika kwa mkono wa kushoto, herufi kama za kuku.

Jumamosi mchana, foleni imejaa, mvua nyembamba. Mdogo wangu alikuwa chumba cha nyuma anafunga mifupa ya mchuzi. Shemeji akaingia na ovaroli, mkononi spana ndefu ya magurudumu. Hakuwa amelewa. Naliandika hili kwa sababu tayari kuna wanaosema alikuwa amelewa. Nilimnusa, alinuka grisi na sabuni.

"Mke wangu yuko wapi?"

Nikasema, "Shemeji, toka nje tuongee."

"Sikuja kuongea na muuza utumbo." Watu wakasogea pembeni, mtu akaangusha mwavuli.

Mama akainuka kitini. Peke yake, bila kushika kitu. Akasimama katikati ya mlango wa nyuma, mikono ameshika miimo huku na huku, rozari ikining'inia kwenye vidole. Alimfika kifuani.

"Mkwe wangu. Binti yangu harudi. Nilikupa mke, sikukupa gogo la kukatia."

"Mama, pisha."

"Sipishi."

Akamsukuma kwa kiganja kimoja, kama mtu anayefungua mlango. Mama akaenda chali, nyonga ikagonga kona ya ngazi ya saruji. Nimevunja mifupa maisha yangu yote. Nilijua ule mlio ni wa nini.

Akamruka. Akaingia. Nikasikia ndoo inapinduka, nikamwona anamtoa mdogo wangu kwa nywele, amezizungusha kwenye ngumi, mdogo wangu anapiga kelele na mdomo haufunguki. Nikashika shoka la nyama. Nilikuwa na nafasi ya kuchagua upande, nakumbuka vizuri kwamba nililigeuza. Nikampiga kwa kisogo cha shoka kwenye kiwiko. Ngumi ikafunguka. Akageuka, spana ikanishukia begani, nikaona nyota mchana, nikaanguka juu ya ndoo.

Akainua tena. Hakuweza kusogea. Alitazama chini. Mama, kutoka pale sakafuni, alikuwa amemshika kifundo cha mguu kwa mikono yote miwili. Akamtikisa. Mama hakuachia. Shemeji akampiga teke la bega, mara moja, mara mbili, uso wa Mama ukasugua kwenye saruji, na bado hakuachia. Ndipo foleni ikaamka. Sijui nani alianza. Walimwangukia wote, wanaume kwa wanawake, wakamburura mpaka barabarani kwenye matope, wakaanza kumpiga kwa miavuli, kwa mawe, kwa mizani yangu. Mtu mmoja akaomba petroli.

Na mimi sikuwazuia. Nilikaa nimeegemea ukuta, nikasikiliza kila kipigo, nikaona ni kizuri.

Sauti ilitoka sakafuni. Mama alikuwa na damu mdomoni, lakini ni sauti ile ile iliyokuwa inatuita kutoka mtaa wa tatu. "Msimuue! Asiguswe! Huyo namtaka hai!"

Wakasita.

"Nimesema namtaka hai. Mnasikia? Leteni polisi."

Walisimama pale mvua ikiwanyeshea, mawe mikononi, wamepewa amri na bibi kizee aliyelala chini. Yule wa petroli akaweka dumu lake taratibu.

Aprili 20

Nyonga imevunjika. Madaktari hawawezi kumpasua kwa moyo ule. Wamesema bila kusema.

Kaka alikuja wodini asubuhi, macho mekundu. Ndugu wa shemeji wamemwendea. Akanivuta kando. "Wanaomba tuseme aliteleza. Sakafu ilikuwa na maji, mvua kila mtu ameiona. Yale mengine tuyamalize nyumbani. Fikiria jina la Mama. Anataka kuzikwa na kesi?"

Kabla sijajibu Mama akasema kitandani, "Niitieni polisi. Na Paroko."

Alikuja afande mwanamke, kijana, kofia kwapani. Paroko akafika na mafuta ya wagonjwa, akamwona afande, akasema atangoja nje. Mama akamwambia, "Kaa, baba. Umesikia dhambi zangu zote. Sikia na nilizotendewa."

Akaeleza. Kwa utaratibu, kama anavyomweleza mteja sehemu za ng'ombe. Spana. Kiganja. Ngazi. Nywele za binti yake. Mimba mbili. Kaka alikuwa hajui habari ya mimba. Nilimwona anatafuta ukuta kwa mkono. Kisha Mama akasema, "Andika pia kwamba binti alikuwa anakuja kwangu na mimi nikamrudisha. Mara tatu."

"Hilo si lazima, bibi."

"Andika. Na mume wangu, andika. Alinipasua sikio, akaning'oa jino, alinikimbiza na mpini nikiwa na mimba ya huyu hapa."

Afande akainua kalamu. "Mzee yuko hai?"

"Alikufa zamani."

"Bibi, hatuwezi kumshtaki marehemu."

"Simshtaki. Nimemwombea kila siku na nitamkuta huko, tutaongea. Nataka tu iwe imesemwa."

Afande akaandika. Paroko alipaka mafuta mikono ya Mama, nyuma na viganjani. Kaka alipiga magoti upande wa pili wa kitanda. Hakuhubiri.

Aprili 26

Kaka amelala wodini siku tatu sasa. Anamlisha Mama kwa kijiko. Anamwaga nusu.

Mei 2

Mama amefariki asubuhi hii, mvua ikiwa imepumzika.

Tulikuwa sote watatu. Aliniuliza, "Bucha mmefungua?"

"Bado, Mama."

"Watu watakula nini?"

Akafunga macho kama aliyechukizwa, na hakuyafungua tena.

Mei 5

Tumemzika. Kaburi lilijaa maji usiku kucha, na tulipofika na jeneza lilikuwa kisima. Wachimbaji wakaleta ndoo moja. Watu wakaanza kunong'ona kwamba tuahirishe. Kaka akavua viatu, akavua koti, akaingia mle ndani na suti yake ya baraza, maji yakamfika mapajani. "Leteni ndoo zote," akasema. Alichota akipokeza juu, akichota akilia, akitukana mvua kwa maneno ambayo sikujua anayajua. Paroko alijifanya anatafuta ukurasa.

Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyeondoka. Nilihesabu kichwani watu niliowaona: wateja, wachinjaji wa machinjioni wote, Bibi Maini ameshikwa huku na huku, na mzee mmoja nyuma kabisa ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu.

Mei 8

Waya zimetolewa. Mdogo wangu anafungua mdomo kama mtoto wa ndege. Daktari amesema aanze na chakula laini. Ameanza na nyama choma na ameumia.

Mei 13

Nimefungua bucha. Bega linauma. Mdogo wangu anapima, mimi nakata.

Mei 24

Jumapili. Wamekuja wazee watatu wa upande wa shemeji, na mama yake. Tukawapa viti. Kaka alikaa kwenye stuli. Kiti cha Baba kilibaki wazi.

Mkubwa wao aliongea vizuri, sina ubishi. Kijana amejuta. Yuko rumande, mkono umepinda, anakohoa. Marehemu alikuwa mcha Mungu, mama wa parokia nzima. Yeye mwenyewe alizuia asiuawe, sisi tulioona ni mashahidi. "Angekuwa hai angesamehe. Tunaomba Jumatano ya tarehe tatu msiende kutoa ushahidi. Kesi itakufa yenyewe. Tusiongeze msiba juu ya msiba."

Wote tukamtazama Kaka. Miezi miwili iliyopita angekohoa, akaanza na Mtakatifu Paulo. Akasema, "Aliyepigwa yupo. Muulizeni yeye."

Mdogo wangu alikuwa ameshika trei ya vikombe. Akaiweka chini. Taya bado limekaa upande kidogo na maneno yake mengine yanatoka na mluzi.

"Nimemsamehe," akasema.

Mama yake shemeji akashika kifua. "Ahsante Mungu."

"Nimemsamehe kwa sababu sitaki kumbeba. Sala zangu nataka ziwe na nafasi. Na Jumatano nitakwenda mahakamani."

"Sasa kusamehe gani huko, binti yangu?" mzee akauliza.

"Mama alisema asiuawe. Hakusema aachiwe."

Mama wa shemeji alilia, na mdogo wangu akaenda akakaa naye, akamshika bega mpaka alipomaliza. Kisha akawasindikiza na mwavuli, mmoja mmoja, hadi barabarani.

Juni 3

Ametoa ushahidi. Nami nimetoa. Yeye alisimama muda mrefu kuliko mimi. Wakili akamuuliza kwa nini alikuwa anarudi kama mume alikuwa mbaya hivyo. Akajibu, "Nilikuwa natii." Wakili akakaa.

Juni 10

Jua siku ya tatu. Matope yamekuwa vumbi.

Juni 24

Kesi imekwenda upesi kuliko tulivyozoea, labda kwa sababu mashahidi walikuwa foleni nzima ya bucha, na kila mmoja alitaka kusema. Leo hukumu. Kuua bila kukusudia, na kujeruhi. Miaka kumi na minne. Shemeji hakutazama upande wetu. Nilidhani nitafurahi, nikawa tu na njaa.

Mdogo wangu akasema anataka kupitia nyumbani kwake kuchukua vitu. Tukaenda watatu kwa miguu. Akaingia, mimi na Kaka tukangoja nje kwenye kivuli cha ukuta. Nilifikiri atatoka na masanduku, nikamwambia Kaka akunje mikono ya shati. Alitoka mikono mitupu.

"Hamna changu humu," akasema. Akafunga mlango, akampa jirani ufunguo ampelekee mama mkwe.

Tukaanza kutembea. Na hapo, kama bomba lililozibuliwa, akaanza kuongea. Habari ya hakimu na pua yake. Habari ya jirani yule anayefuga bata chumbani. Ndoto aliyoota juzi. Kwamba anataka kujifunza kukata, ila si utumbo, utumbo ataniachia mimi. Kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa alipanda mpapai uani ukazaa tunda moja, chungu. Alirukia hili na lile, anapiga mluzi kwenye meno, anacheka kabla ya kufika panapochekesha. Kaka akafungua mdomo aseme kitu. Nikamkanyaga mguu.

Akaongea mpaka tukafika nyumbani.